Harusi ya Redioni

Aliyetaka kumwona Orlena Stidham akitetemeka asingempata jukwaani. Jukwaani alikuwa na moyo wa chuma. Alisimama mbele ya ukumbi uliojaa mpaka mlangoni, gitaa kifuani, akaanza kuimba kama mtu anayezungumza na dada yake jikoni, na wanaume wazima wenye ndevu wakatafuta leso. Wasichana wa milima yetu yote, toka Kentucky mpaka Carolina, walikuwa wanajifunza kuvunja sauti mwishoni mwa mstari kama anavyovunja yeye, na mama zao wakiwagombeza kwamba wataharibu koo. Lakini Jumapili ile ya mwisho ya Mei, siku yetu ya kusafisha makaburi, aliposhuka kwenye gari lake la kijani chini ya kilima cha Rainey Fork, alifunga mlango mara tatu kabla haujashika.

Hakuja kuimba. Alikuja kumwomba mwanamke mmoja amkubali awe mkwewe.

Mwanamke mwenyewe, Mama Hettie Caudill, alikuwa juu ya kilima amepiga magoti, anachomeka maua ya karatasi aliyoyachovya kwenye nta ili mvua isiyaharibu. Kaburi lilikuwa la binti yake, Verdie, aliyekufa kwa homa ya mapafu akiwa na miaka kumi na tisa. Nyuma yake alisimama mwanawe wa pekee aliyebaki, Arvil, ameegemea jembe. Alikuwa amerudi kutoka vita vya Korea wakati theluji inayeyuka, amekonda, ana mkunjo mpya kati ya nyusi, lakini macho yalikuwa yale yale ya kahawia yaliyomtazama Orlena siku ya kuagana na kumwambia, "Nikirudi nitakuoa, hata kama itabidi nikuvue kwenye hiyo redio kwa ndoana."

Macho yao yalikutana juu ya vichwa vya watu. Arvil hakutabasamu. Aliinua kidole kimoja tu kutoka kwenye mpini wa jembe, akakirudisha. Orlena akahisi joto likimpanda mpaka kwenye masikio, na papo hapo wanawake wakamzingira.

"Jamani, Lena! Ni Lena mwenyewe, si picha!"

"Mbona mwembamba hivi? Redioni sauti yake nene, mimi nilijua ni jitu la watu!"

"Dewey hamlishi huyu. Dada, mumeo anakulisha kweli?"

"Ananilisha," Orlena alisema, akicheka kama alivyozoea kucheka.

"Na yuko wapi? Umekuja peke yako kwenye siku kama hii?"

"Amebaki Nashville. Gari la bendi limeharibika."

"Wanaume na magari yao! Na mtoto je? Mnatuletea lini?"

"Mwacheni, ndoa bado changa."

"Changa? Mwaka wa pili huu! Mimi mwaka wa pili nilikuwa na wawili na wa tatu anapiga teke."

Wakacheka wote. Kisha mmoja wao, mnene, mwenye kofia ya majani, akageuza ukosi wa gauni lake na kuonyesha kitambaa kidogo cha mraba kilichobanwa na pini. "Ona, nimekuja nacho. Sijakivua tangu nikipate." Wengine nao wakaonyesha vyao, mmoja mwekundu, mmoja wa mistari, mmoja wa maua. Kila gunia la unga wa Mama Delphie, kampuni yenye kipindi cha Lena redioni, lililouzwa kipupwe cha mwaka uliopita lilikuwa na kiraka kama hicho ndani, na kikaratasi kilichosema kimetoka kwenye mfarishi, shuka nene la viraka vilivyoshonwa pamoja, wa kitanda cha harusi cha Lena na Dewey. Kuna wanawake kwetu walionunua magunia wasiyoyahitaji mpaka unga ukaingia wadudu. Simcheki mtu, mke wangu alikuwa mmojawapo.

Orlena aliviangalia vile viraka, na kicheko chake kikafupika.

Mama Hettie alikuja wa mwisho. Hakuwa mtu wa kelele. Alikuwa mrefu, amesuka nywele na kuzizungusha kichwani, na mikono yake ilikuwa na udongo wa kaburi la binti yake. Aliifuta kwenye aproni kabla ya kumshika Orlena mkono. Kifuani mwake pia palikuwa na kiraka, cha kijani.

"Binti," alisema kwa sauti ya chini, ili wengine wasisikie. "Samahani kukuuliza. Ulipata mfarishi wangu?"

Orlena alikuwa ameulizwa swali hilo katika kila mji aliowahi kuimba, na kampuni ya unga ilikuwa imemfundisha jibu. Likamtoka kabla hajafikiri.

"Niliupata, mama. Ndio tunaojifunika."

Uso wa Mama Hettie ukalegea, ukawa uso wa msichana.

"Mungu akubariki. Nilikuwa naogopa umepotea njiani. Ule wenye nakshi ya pete mbilimbili. Pete za katikati nilizikata kwenye gauni la Verdie, lile la njano alilobatizwa nalo mtoni. Na pembeni shati la Arvil la bluu, kwa sababu alikuwa vitani na nilishaota mara nyingi kwamba harudi. Nikasema, hawa vijana wa redioni wanapendana jamani, unasikia kabisa kwenye sauti. Basi wanangu nao walale mahali penye mapenzi." Akampapasa mkono. "Kwa hiyo mnajifunika. Asante."

Akarudi kaburini. Orlena alibaki amesimama pale pale, kinywa wazi, kama mtu aliyemeza kaa la moto na hawezi kulitema mbele za watu.

*

Chemchemi ilikuwa nyuma ya kilima, kwenye kivuli. Arvil alichukua ndoo mbili ambazo hakuna aliyemtuma azijaze, na Orlena akamfuata baada ya muda kidogo, akijifanya anatafuta mahali pa kunawa.

"Umemwambia?" Arvil aliuliza.

"Bado."

"Niliona anakushika mkono. Nilidhani tayari."

"Arvil, tuondoke. Tupande gari sasa hivi twende Virginia, tufunge ndoa, tumwambie baadaye."

Arvil aliweka ndoo chini. "Mimi sio mwizi wa kuku, Orlena. Nilimwahidi mama kwenye kitanda cha Verdie kwamba sitaoa mtu asiyemkubali. Amebaki na mimi tu. Na kukukubali atakubali, mbona anakupenda kuliko anavyonipenda mimi! Jumamosi mimi nikiongea wakati unaimba ananitupia mwiko."

Orlena alicheka bila kupenda, kisha machozi yakamjia. Arvil akamsogelea, akamshika kiwiko tu, kwa sababu watu walikuwa karibu. Kiwiko hicho kilikuwa na kiu ya miaka miwili. Wakasimama hivyo, maji yakilia kwenye mawe, na kama dunia ingekuwa na adabu ingewaacha hapo.

"Sio jambo gumu," alisema. "Mwambie kama ulivyoniambia mimi kwenye barua. Ilikuwa mchezo."

Na kweli ilikuwa mchezo. Yeye na Dewey Partin walikuwa wanaimba pamoja nyimbo za wapenzi, kila Jumamosi, kipindi cha unga wa Mama Delphie. Dewey alikuwa mtu mwema, mwenye kitambi kidogo na kikohozi, aliyempenda Orlena kiasi cha kumwazima koti. Lakini watu waliosikiliza hawakuona kitambi. Walisikia sauti mbili zinazokumbatiana, na wakaanza kuandika kuuliza wanaoana lini. Kampuni ikasema, basi muoane, kwa utani, Jumamosi ya Mei, jukwaani. Mhubiri alikuwa Tubby, mchekeshaji wa kipindi, amevaa ndevu za manyoya ya mbuzi na miwani isiyo na vioo. Ukumbini watu walicheka mpaka wakalia. Hakuna hata mmoja, kuanzia Orlena mpaka fundi wa mitambo, aliyekumbuka kwamba huku milimani, kwenye redio za betri, ndevu hazisikiki.

"Kuna jambo sikukuandikia," Orlena alisema.

"Lipi?"

"Mama yako alituma mfarishi."

"Najua. Ameniambia. Kila mama alituma mfarishi, ndiyo mila yetu, mtu akiolewa. Tutamrudishia, basi."

Orlena alichovya vidole kwenye maji ya chemchemi.

"Orlena. Uko wapi mfarishi wa mama?"

"Ilikuja mingi, Arvil. Ilijaa stoo ya unga mpaka darini. Niliwaomba waigawe kwa watoto yatima. Wakasema watafikiri. Nikaenda ziara ya Texas, na niliporudi nikakuta wasichana wamekaa mezani na mikasi."

Arvil aligeuza kichwa taratibu kuelekea kilimani, kule vicheko vya wanawake vilikokuwa vinatokea.

"Vile viraka," alisema.

"Ndiyo."

"Yote? Hata wa mama?"

"Sijui. Yote. Nililia, nikapiga meza. Meneja akaniambia, kwa kila mwanamke aliyetuma mmoja, wanawake wengi watapata kipande, watafurahi. Na wakafurahi, Arvil! Umewaona. Hilo ndilo linaloniua, kwamba wamefurahi."

"Ulimwambia nini mama alipokuuliza?"

"Nilimwambia najifunika."

Arvil akakaa kwenye jiwe. Alipitisha mkono usoni, toka kwenye paji mpaka kidevuni, na alipoutoa alionekana mzee.

"Lile gauni la njano," alisema, "mama alikuwa analala nalo chini ya mto. Mimi nilimwambia alitoe, alitumie kwa kitu. Mimi ndiye niliyemwambia, kabla sijaondoka."

"Nisamehe."

"Nikusamehe nini, wewe ulishika mkasi?" Akasimama, akajaza ndoo. "Sikiliza. La harusi mwambie. La viraka usimwambie. Mwambie mfarishi uko Nashville, umeuhifadhi. Tutajua la kufanya."

"Nimdanganye tena?"

"Unataka nikushauri nini, mpenzi? Nishauri wewe."

Wakapanda kilima, yeye mbele na ndoo zake, Orlena nyuma, maji yakimwagikia viatu vya Arvil naye hata hahisi.

*

Kabla ya chakula huwa tunaimba. Hatuna gitaa wala fidla makaburini, kanisa letu halina vyombo. Mzee mmoja hutaja mstari haraka haraka, na wote huupokea na kuuvuta, polepole, mpaka unadhani hautaisha. Hapo ndipo Orlena alipoipata ile sauti yake ya kuvunjika, akiwa mtoto, amekaa kati ya shangazi zake. Siku ile alivuta mistari pamoja na wengine, na waliokuwa karibu naye walinyamaza kidogo ili wamsikie. Arvil alikuwa ng'ambo ya makaburi. Kila Orlena alipoinua macho alimkuta anamwangalia, na kila alipomkuta anamwangalia alitamani wimbo usifike mwisho.

Ulipokwisha, vitambaa vyeupe vikatandazwa kwenye nyasi. Kuku na madonge ya unga, maharage na nyama ya nguruwe, mkate wa mahindi, keki ya tabaka za tufaha kavu. Watu wakasogea kwenye chakula. Mama Hettie alibaki kwa Verdie, kama kawaida yake. Hao wawili wakamwendea.

"Mama," Arvil alisema, akavua kofia. "Orlena ana neno."

"Aseme. Mbona unavua kofia kama umeleta msiba?"

Orlena alipiga magoti kwenye nyasi ili asimtazame mama huyo kutoka juu.

"Mama, mimi na Dewey hatukuoana."

Mama Hettie alimtazama, akamtazama mwanawe, kisha akacheka kidogo. "Mmegombana, eh? Wote tunagombana, binti. Mimi na marehemu wangu mwaka wa kwanza nilimfungia nje kwenye theluji."

"Hatujagombana. Hatukuoana. Ilikuwa igizo."

"Nilisikia kwa masikio yangu. Mhubiri aliuliza, Dewey akasema ndiyo, na wewe ukasema ndiyo. Ulisema polepole. Nikawaambia majirani, mnasikia, anaona haya."

"Hakuwa mhubiri. Alikuwa Tubby."

"Tubby yupi? Yule anayewika kama jogoo?"

"Ndiye."

"Anayeuza dawa ya ini?"

"Ndiye, mama. Alivaa ndevu za bandia. Ndiyo maana watu walikuwa wanacheka."

Mkono wa Mama Hettie ulikuwa unanyoosha petali ya ua moja la karatasi, unanyoosha na kunyoosha.

"Mimi nilidhani wanafurahi," alisema mwishowe. "Nilizima redio ili betri isiishe, nikapiga magoti, nikawaombea. Verdie alikuwa hana mwaka kaburini. Niliwaombea ninyi maombi yake yeye, yale ambayo nilikuwa nimemwekea."

"Mama, nisamehe."

"Kwa nini unaniambia leo?"

Arvil akaingilia. "Kwa sababu mimi ndiye ninayemtaka. Tangu kabla sijaenda vitani. Hatukukwambia kwa ajili ya msiba. Nataka kumuoa, mama, na nilikuahidi."

Alisema haraka, kama mtoto anayekiri kuvunja sahani. Mama Hettie hakushtuka. Nadhani alikuwa ameshajua tangu alipoona zile ndoo mbili zinateremka chemchemini wakati maji yalikuwepo.

"Unajua kanisa letu," alimwambia Orlena. "Mwanamke mwenye mume hai haolewi tena akapokelewa. Bonde zima linajua una mume. Watu watamuita mwanangu mwizi wa mke wa mtu."

"Ndiyo maana nataka aseme," Arvil alisema. "Aseme redioni. Jumamosi."

"Utasema?" mama aliuliza.

"Nikisema, kipindi kimekwisha," Orlena alijibu. "Dewey ana watoto wa dada yake anaowalea. Wapiga vyombo wote wanakula hapo. Mkataba unanifunga mdomo. Lakini nitasema, mama. Ukinikubali nitasema, nirudi hapa nifue nguo na kulima mahindi, sijali. Nimechoka kuimba mapenzi ya mtu mmoja nikiwa na mwingine rohoni."

Arvil alimtazama, na mkunjo ule wa kati ya nyusi ukafutika. Kwa dakika hiyo moja mambo yalionekana yanawezekana. Hata Mama Hettie alionekana hivyo. Aliinuka, akakung'uta magoti, akavuta pumzi.

"Haya," alisema. "Mimi si mtu wa kinyongo. Mlikuwa watoto mkachezea kitu kisichochezewa. Zawadi ya harusi, kama harusi haikuwepo, inarudi kwa mwenyewe, si ndivyo? Nirudishie mfarishi wangu. Siku utakapouleta nitautandika kitandani kwenu mimi mwenyewe, wewe na Arvil, na atakayesema neno bondeni humu aseme mbele yangu."

Upepo ulipita, ukatikisa maua ya karatasi, yakafanya sauti kavu.

"Uko Nashville," Arvil alisema. "Ameuhifadhi."

"Sikukuuliza wewe."

"Mama..."

"Binti, uko Nashville?"

Orlena alifungua mdomo. Jibu lilikuwa tayari, jepesi, la pili kwa siku hiyo. Lakini mkono wa Mama Hettie ulikuwa umelala juu ya jiwe la Verdie, na Orlena alishindwa. Alishusha macho. Na kwa bahati yake mbaya yakatua kifuani kwa mama, kwenye kile kiraka cha kijani, yakakaa hapo kidogo kupita ilivyotakiwa.

Mama Hettie alifuata yale macho. Akakitazama kiraka chake.

"Hiki nilikipata kwenye gunia," alisema polepole. "Kikaratasi kilisema kimetoka kwenye kitanda chenu."

Alikinyanyua kwa kidole kuelekea kwenye mwanga.

"Lakini hamkuoana. Kitanda hakikuwepo." Akaugusa mshono wa pembeni kwa kucha. "Mshono huu wa mkono. Mdogo hivi, wa karibukaribu. Huyu alishona na miwani, huyu, tena kwa taa ya mafuta. Mtu wa kampuni hashoni hivi."

"Mama, acha," Arvil alisema.

"Huu ulikuwa mfarishi wa nani?"

Orlena alikuwa analia sasa, bila sauti, mikono imelala mapajani, viganja juu.

"Sijui, mama. Walikata yote. Sikuweza kuwazuia."

"Yote."

"Yote."

Mama Hettie aligeuka akawatazama wanawake wenzake kule kwenye vitambaa vyeupe, wanavyopakua kuku, wanavyocheka, kila mmoja na kiraka chake. Aliwatazama mmoja mmoja, shingoni, kifuani, kwenye ukosi, na nikwambie, nilikuwa nimesimama kwenye kaburi la baba yangu hatua chache tu, nikaona kwamba alikuwa anatafuta rangi ya njano. Hapakuwa na ya njano. Akarudisha uso.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alifungua pini, akakitoa kile kiraka cha kijani, akakiweka kwenye kiganja cha Orlena na kuvifunga vidole vyake juu yake, kimoja kimoja.

"Hiki si changu," alisema. "Kuna mama mahali fulani aliyekata gauni la mtu. Na kuna mtu mwingine amemfunga Verdie wangu kwenye ukosi, anapikia naye, hamjui hata jina. Sina hasira na wewe, binti. Ningekuwa nayo ningejua la kufanya."

"Nitautafuta. Nitatangaza redioni, nitawaambia wote warudishe..."

"Utawaambia nini? Kwamba walikatiwa? Wengine hao hawana kingine." Akamgusa shavu, mguso mwepesi, wa mtu anayeaga. "Usiwaambie, hata la harusi, maana wakijua kitanda hakikuwepo watauliza viraka vimetoka wapi. Umenisikia? Mmoja kujua inatosha."

"Basi nitabaki mke wa Dewey mpaka nife."

Orlena akamgeukia Arvil. Arvil alikuwa na kofia mikononi, anaizungusha ukingo, anaizungusha. Mwanamume huyo alikuwa amebeba wenzake mgongoni chini ya risasi na kupewa nishani, na pale kati ya wanawake wawili anaowapenda hakupata hata neno moja la kuokota.

"Arvil," Orlena alisema.

"Nilimwahidi," alisema. "Mungu wangu, Orlena, nilimwahidi."

*

Alishuka kilima bila kula. Huwezi kuondoka kwetu bila kula bila watu kukukimbilia, na kweli walimkimbilia, na keki imefungwa kwenye kitambaa, na paja la kuku kwenye karatasi, na mama wa kofia ya majani akihema nyuma yao wote.

"Unaondoka? Hata hujatuimbia!"

"Mwacheni, amemkumbuka mumewe. Ona macho yalivyovimba."

"Lo, mapenzi haya! Sisi wetu wakiondoka siku mbili tunapumzika."

Vicheko. Orlena alishika mlango wa gari kwa mkono mmoja. Wa pili alikuwa ameufumba ngumi.

Mama Hettie naye aliteremka, na Arvil nyuma yake. Orlena alipowaona, aliachia mlango wa gari. Alidhani, Mungu amsamehe, alidhani mama amebadili nia. Hata Arvil aliongeza hatua, akawa sambamba na mama yake, na macho yake yalikuwa yanamwomba Orlena asubiri, asubiri kidogo tu.

"Mwambie Dewey tunampenda!" mama wa kofia alipiga kelele. "Mama Hettie, mwambie na wewe neno, wewe ndiye uliyewaombea zaidi ya wote."

Wote wakamgeukia Mama Hettie. Pini tupu ilikuwa bado imening'inia kwenye gauni lake. Aliwatazama wanawake wale na viraka vyao, akamtazama mwanawe kwa muda, kisha akamtazama Orlena, na sauti yake ilitoka safi, ya upole, ya kusikika na watu wote.

"Msalimie mumeo, binti."

Arvil alifumba macho.

Watu walikuwa wanangoja, wanatabasamu, keki mikononi. Orlena alitafuta pumzi mahali anapoitafuta kabla ya wimbo, chini kabisa ya mbavu, akaipata.

"Nitamwambia, mama," alisema. "Nitamwambia mmemsalimia."